Kijana Anayeitwa Sebuleni

Anayetaka kujua filamu zetu zinamwonaje kijana wa miaka 16 asianze na hadithi, aanze na kochi. Katika filamu nyingi za Kibongo nilizozitazama kwa zaidi ya miaka 20, kijana wa shule huingia kwenye picha kwa mlango wa sebule: baba ameketi kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, mama amesimama kando na khanga begani, televisheni imezimwa, na juu ya meza ya kioo kuna ripoti ya shule, au simu iliyokamatwa, au karatasi ya zahanati. Kijana husimama. Anaulizwa, anajibu kwa sauti ya chini, anafokewa, anatoka, na kamera inabaki na wazazi wanaoendelea kumjadili. Alikokwenda hatuambiwi mpaka atakaporudi na tatizo kubwa kuliko lile la kwanza.

Sababu ya jambo hili ni ya kifedha kabla ya kuwa ya kifikra, na ni haki kuitaja kabla ya kuwalaumu waandishi. Filamu iliyotengenezwa ili iuzwe kwa kanda za video, na baadaye kwa DVD, ilirekodiwa kwa siku chache katika nyumba ya kuazima au ya kukodi, kwa kuwa nyumba ina umeme, ina ukimya wa kutosha kwa kinasa sauti, na haina wapita njia wanaoikodolea kamera macho. Kurekodi katika stendi ya Moshi saa 12 jioni, wakati wapiga debe wa Himo, Marangu na Machame wanashindana kwa sauti, kunahitaji muda, vibali na fundi sauti mvumilivu, na vyote hivyo vina bei. Sebule ikashinda. Tatizo ni kwamba sebule ina mwenyewe. Katika nyumba zetu ni chumba cha baba, cha wageni na cha picha za harusi, na mtoto hupita pale anapotumwa maji au anapoitwa kujieleza. Mwongozaji aliyeichagua kwa ajili ya kubana matumizi alikuwa amekwisha kuamua, bila kukusudia, kijana atatazamwa kwa macho ya nani.

Hoja yangu ni kwamba kasoro kubwa ya filamu zetu kuhusu vijana haiko katika maadili yao, ambayo ndiyo hujadiliwa kila mara, bali katika mahali kamera iliposimama. Eneo la kijana ni njia ya kutoka shuleni, kituo cha daladala, bweni, kijiwe, uwanja wa vumbi wenye magoli ya miti. Huko ndiko anakoongea kwa sauti yake ya kawaida, na huko ndiko tusikopelekwa.

Lugha yenyewe inatupa fununu ya chanzo cha tabia hii. Kiswahili kina kigori, kina mwari, kina barobaro, na wataalamu wa afya wametuongezea kijana balehe, kwa ajili ya yule ambaye Shirika la Afya Duniani linamhesabu kati ya miaka 10 na 19. Kigori anatajwa kwa kile ambacho bado hajawa, mwari yuko mikononi mwa kungwi, barobaro anasifiwa nguvu zake na wanaozihitaji. Kila neno limetoka kinywani mwa mtu mzima. Hata ile methali inayotuletea utani sisi wakazi wa mji huu wa Moshi, kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi, ni sauti ya mzee anayegeuka nyuma. Hakuna wa miaka 16 ambaye angeitunga. Sheria nazo zilivutana kwa muda mrefu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa miaka 14 kwa kibali cha mahakama, ilhali Sheria ya Mtoto ya 2009 ilimtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na ilikuwa Oktoba 2019 ndipo Mahakama ya Rufani ilipokubaliana na Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vya ndoa vinakiuka Katiba. Ikiwa msichana mmoja aliweza kuwa mtoto katika sheria moja na mke mtarajiwa katika nyingine, si ajabu filamu ikashindwa kumpa mahali pa kusimama.

Wamarekani walikuwa na shida ya upande wa pili. Kijana kama kundi lenye nguo zake, muziki wake na lugha yake ni zao la Marekani ya katikati ya karne iliyopita, ambako mtoto wa tabaka la kati alipata kwa pamoja miaka mingi ya shule, fedha za mfukoni na nafasi ya kuendesha gari. Hollywood ilimwona kwanza kama mteja wa tiketi. Mwaka 1955 James Dean alicheza mwanafunzi mwenye hasira katika Rebel Without a Cause, filamu iliyotoka wiki chache baada ya yeye mwenyewe kufa kwa ajali ya gari tarehe 30 Septemba akiwa na miaka 24, na tangu hapo sura ya kijana duniani ikawa ni ile ya mtu aliyeegemea gari na asiyeeleweka na wazazi wake. Miaka 30 baadaye John Hughes, katika The Breakfast Club, aliwafungia wanafunzi watano ndani ya maktaba ya shule siku ya Jumamosi wakitumikia adhabu, akawaacha waongee karibu filamu nzima huku wazazi wakibaki kwenye magari nje. Hilo lilikuwa jambo la maana. Lakini katika kumtoa mzazi chumbani, filamu za namna hiyo zilitoa pia kazi: mara chache utamwona mtu akibeba ndoo, akimbeba mdogo wake mgongoni, au akipitisha maandazi ya mama yake kwa majirani kabla ya kengele ya kwanza.

Sisi tulizitazama filamu za nje katika kibanda umiza kimoja pale Majengo, cha mabati, chenye mabenchi yasiyo na migongo, kwa shilingi 50 ambazo aghalabu zilikuwa chenji ya sukari. Kiingereza hatukukifuata, hivyo tulifuata nguo. Ninaamini kwamba nguo za kijana wa Marekani zilitufikia kabla ya hadithi yake, na kwa maana halisi kabisa: katika soko la mitumba la Memorial yalining'inia majaketi ya shule za huko yenye herufi kubwa kifuani, na aliyelinunua moja alilivaa hata juani, bila kujua herufi ile ilimaanisha nini kwa mwenyewe wa kwanza. Baadaye wakaja watafsiri wa filamu, wa mwanzo wao akiwa Lufufu wa Dar es Salaam, waliozungumza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, wakiongeza vichekesho, majina ya mitaa na maonyo yao wenyewe. Wasomi wengine huwacheka. Mimi nadhani walithibitisha jambo ambalo waongozaji wetu hawajalitumia ipasavyo, nalo ni kwamba mtazamaji wa Kitanzania hukubali bila shida sauti iliyobandikwa baadaye juu ya picha.

Nalisema hili kwa sababu ya Mfaransa mmoja. François Truffaut alipotengeneza Les Quatre Cents Coups, iliyotoka 1959, hakuwa na fedha za Hollywood, na umaskini huohuo uliotupeleka sisi sebuleni ulimpeleka yeye barabarani. Alimchukua Jean-Pierre Léaud, mvulana wa miaka 14, akamfuata katika mitaa ya Paris akitoroka shule, akiiba, akizurura, na sauti kwa sehemu kubwa ikaingizwa baada ya picha kukamilika. Wazazi wamo, wanafoka kama wa kwetu, lakini wanafoka ndani ya nyumba ndogo ambayo tumeingia pamoja na mtoto na tutatoka pamoja naye. Mwishoni anakimbia mpaka baharini na picha inasimama akitutazama. Hakuna mtu mzima anayetokea kutufafanulia alichokosea.

Kwa watu wa rika langu, hata hivyo, filamu ya vijana iliyogusa haikutoka Paris wala Hollywood, ingawa Whoopi Goldberg alikuwamo. Ni Sarafina!, ya 1992, kuhusu wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini. Tuliiona mara nyingi kiasi kwamba wapo waliozijua nyimbo zake bila kujua neno moja la Kizulu. Mara nyingi husemwa tuliipenda kwa sababu ya siasa. Sidhani, maana wengi wetu siasa za makaburu tulikuwa tunazipata kwenye taarifa ya habari na kuzisahau. Tuliipenda kwa sababu ya sare, foleni, kelele za darasa kabla mwalimu hajaingia, na kwa sababu kamera ilikaa uwanjani pamoja na wanafunzi. Kuna jambo jingine nililoliona nilipokuwa mtu mzima. Mama yake Sarafina, aliyechezwa na Miriam Makeba, ni mtumishi wa ndani katika nyumba ya wazungu. Binti anamfuata huko. Mzazi huyu hana sebule ya kumwitia mtoto wake, na kwa kuwa hana, mazungumzo yao hayawezi kuwa hukumu. Yanakuwa mazungumzo ya watu wawili ambao wote wako chini ya paa la mwingine.

Moshi ina mtaa unaoitwa Soweto, na kila tarehe 16 Juni tangu 1991 shule za bara hili zinaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika kwa kumbukumbu ya wanafunzi waliopigwa risasi siku hiyo mwaka 1976 katika Soweto ya Afrika Kusini. Vijana waliokimbia baada ya mauaji yale walifika mpaka Mazimbu, Morogoro, wakasoma katika shule ya ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Walikuwa vijana wa bweni kama wengine wote, wenye foleni ya chakula na mapenzi ya kuandikiana barua, isipokuwa kwao nyumbani hakurudiki. Nimetamani kwa miaka kuliona jambo hilo kwenye filamu.

Badala yake tulipata funzo. Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, mchezo ulioandikwa makusudi ili kubadili tabia za watu kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju akawa jina la kumtania kila mume asiyetulia. Ulikuwa mchezo mzuri, na ulikuja wakati nyumba nyingi za Kilimanjaro na Arusha zilikuwa zikizika. Siwezi kuudharau. Ila kanuni yake, kwamba kila mhusika ni mfano wa kuigwa au wa kuepukwa, ilihamia kwenye filamu na ikabaki hata hofu ilipopungua, kwa kuwa anayetoa fedha hulipia ujumbe na ujumbe ni rahisi kuupima. Kijana akawa kosa linalosubiri kutokea. Msichana atapata mimba, mvulana atavuta bangi. Swali pekee ni dakika ya ngapi.

Chukua hiyo mimba. Kwa miaka mingi filamu ilimalizika msichana akifukuzwa shule, na haikuwa uongo, maana ndivyo ilivyokuwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wataruhusiwa kurejea katika shule za kawaida. Kwa mwandishi wa filamu hilo lilikuwa zawadi: sasa hadithi inaanzia pale ilipokuwa ikiishia. Binti wa miaka 17 anarudi kidato cha tatu, amekaa dawati moja na wadogo, anahesabu dakika za mapumziko ili akimbie nyumbani kunyonyesha, na mwalimu wa zamu hajui amwite mwanafunzi au mama fulani. Bado naona, katika ninazozitazama, sebule ileile na kilio kilekile, kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kuna suala la umri wa waigizaji, ambalo linanisumbua kuliko wengi wanavyoliona. Si letu peke yetu. Katika Grease, ya 1978, Stockard Channing alikuwa na miaka 33 alipoigiza mwanafunzi, na Leleti Khumalo mwenyewe alikuwa amevuka 20 alipovaa sare ya Sarafina. Mwigizaji mtu mzima anaweza kumwakilisha kijana kwa heshima. Lakini filamu zetu kadhaa zimemvika mwanamke mzima sketi ya shule, kisha kamera ikamtazama kama mwanamke mzima, na mtazamaji akafundishwa kuiangalia sare kwa jicho lisilopaswa kuiangalia. Filamu hiyohiyo dakika 40 baadaye inamhukumu mwanaume aliyempa lifti mwanafunzi. Huo ni unafiki wa picha, na hakuna mstari wa maonyo mwishoni unaoufuta.

Sauti ya kijana mwenyewe ilikuja kwa mlango mwingine, na ulikuwa Arusha. Wakati filamu ikisema "yeye", wana hip-hop wa Chuga walisema "mimi". X Plastaz walichanganya mistari ya Kiswahili cha mtaani na uimbaji wa Kimaasai, wakatoa albamu nje ya nchi mwaka 2004. Wakaja Watengwa, Nako 2 Nako, na baadaye kundi la Weusi la kina Joh Makini. Tazama hata majina: Watengwa ni neno ambalo jamii huwaambia vijana, nao wakalichukua wakalivaa wenyewe. Ukisikiliza mashairi ya mji ule utakutana na Ngarenaro, Kijenge na Unga Limited zikitajwa na mtu anayetembea humo, ana njaa, ana marafiki, anamwogopa polisi na anamcheka. Chalii wa Arusha alipata mwili katika muziki miaka mingi kabla ya kupewa mstari wa maana kwenye filamu. Kwamba mmoja wa Weusi, Nikki wa Pili, aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021 ni mwisho wa hadithi ambao mwandishi wa filamu za funzo asingethubutu kuuandika.

Nisiwapambe kupita kiasi. Katika nyimbo hizo msichana wa Ngarenaro huonekana akipita barabarani, akitazamwa kutoka kijiweni, na kijiwe ni sebule ya wavulana. Yeye anawaza nini akipita pale na daftari kifuani, huku akijua kila jicho? Muziki haukutuambia, na filamu haikuuliza.

Kamera za wageni nazo zina deni lao katika mkoa ule. Mwaka 1962 Howard Hawks alitoa Hatari!, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa katika viunga vya Arusha, ambamo John Wayne anakamata faru na twiga kwa gari. Kijana mwenyeji ni mtu wa nyuma ya picha anayeshika kamba. Sidhani mambo yamesogea sana. Katika miezi ya tohara, ukipita barabara ya kutoka Arusha kwenda Makuyuni na Mto wa Mbu, utawaona wavulana wa Kimaasai waliotoka jandoni, wamevaa shuka nyeusi na kupakwa rangi nyeupe usoni, magari ya watalii yamesimama, noti inabadilisha mkono. Picha inayotoka pale inawaonyesha kama watu wa kale wasiobadilika. Wapo miongoni mwao ambao shule ikifunguliwa watarudi na soksi nyeupe na hesabu za kidato cha pili. Kijana yule ana sare mbili ndani ya mwezi mmoja, na filamu zetu za vichekesho zimempa ya tatu, ya mlinzi wa geti anayechapia Kiswahili.

Siku hizi wengine watasema tatizo limekwisha, kwa kuwa vijana wana simu na wanajirekodi. Kuna ukweli. Simu zimekatazwa shuleni, hivyo akaunti za watoto wa bweni hulala muhula mzima na kufufuka Juni na Desemba, na mtu akizifuatilia atajifunza mengi: namna wanavyotaniana, wanavyomwigiza matroni, wanavyocheza uani kati ya kamba za nguo. Ila video ya nusu dakika humwonyesha kijana akijua anatazamwa. Filamu ina uwezo wa kumwonyesha anapodhani hakuna anayemwona, na anapokuwa hafanyi lolote.

Na muda wa kutofanya lolote ndio mwingi. Mtihani wa kidato cha nne humalizika Novemba, mahafali yakiwa yamekwisha kupita na keki, suti ya kuazima, risala, na ahadi ya mgeni rasmi ya kompyuta mbili. Matokeo kwa kawaida hutangazwa Januari. Kwa wiki hizo zote mtu wa miaka 17 si mwanafunzi tena wala si kitu kingine. Huko Pasua mvulana anaosha pikipiki ya mjomba na kuiendesha mpaka kona. Dada yake yuko gengeni kwa mama, anapanga nyanya mafungu, anazipangua, anazipanga upya. Desemba ndugu wa Dar es Salaam wanapanda Kibosho kwa Krismasi, na binamu wawili wa umri mmoja, wasioonana tangu mwaka jana, wanakaa migombani wakishindwa kujua waanzie wapi. Kisha siku inafika, tovuti ya Baraza la Mitihani inagoma kufunguka, namba ya mtihani ya binti wa gengeni imekwisha kusambazwa kwa ndugu wote, na mjomba aliyeko mbali anayaona matokeo kabla ya mwenyewe. Ndani ya nyumba simu inaita, sauti zinapanda, jina lake linatajwa. Yeye yuko nje karibu na bomba, ameshika ndoo, amelisikia. Mwongozaji atakayeitengeneza filamu hiyo naomba aache kamera hapo nje kwa dakika mbili nzima, kabla binti hajaitika.